Wakili Tuliyekataa Kumpeleka Dar

Watu wa Mhezi, kijijini kwetu milimani, walimnyima kura wakili wetu kwa sababu walimpenda. Wageni nikiwaambia hivyo hudhani nimechanganya maneno, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Siku zile za Mwingereza nilikuwa na kibanda cha chakula pale Same, kati ya stesheni ya gari moshi na boma. Nilipika makande, na wateja wangu wengi walikuwa watu wa kesi. Sisi Wapare tunatajwa sana kwa kupenda kesi. Watani zetu husema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na mimi siwezi kuwakanusha, maana watu hao ndio niliowalisha. Walishuka kutoka Mhezi, Chome na Bombo, wengine walitoka mbali huko Ugweno, nguo zimefuliwa, fimbo mkononi, nyuso za watu wanaokwenda harusini. Aliyeshinda kesi alikula sahani moja akarudi nyumbani. Aliyeshindwa alikula mbili, kwa sababu alikuwa na rufaa ya kuizungumzia.

Wakili alikuja kutoka Bara Hindi akiwa kijana. Mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa anakwenda Moshi. Gari moshi liliposimama Same kutia maji, alishuka kunyoosha miguu, akamkuta mzee wa kwetu anabishana na karani wa stesheni kuhusu kuku aliyesafirishwa kama mzigo na kutaga yai njiani. Mzee alisema yai ni lake. Karani alisema yai halikuandikwa kwenye risiti. Kijana yule wa sheria alisimama kusikiliza, na alipogeuka gari moshi lilikuwa limekwenda. Sikuwepo, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba alipanga chumba nyuma ya duka la nguo, na hakuondoka.

Hakula nyama. Makande yangu aliyapenda, ila aliyaongezea pilipili aliyotembea nayo mfukoni ndani ya kikopo. Kiswahili chake alikiokota madukani Tanga aliposhuka melini, na kila kitu kwake kilikuwa "hii". Hatukumcheka sana, kwa sababu sisi wa milimani nasi tulikuwa na Kiswahili chetu, na wazee wengi walikuwa na Chasu tu, lugha yetu ya Kipare. Ndiyo maana aliajiri mkalimani, na mkalimani huyo alikuwa mume wangu.

Mume wangu nimemzika juzi juzi. Sitaandika mengi juu ya hilo. Ila ni lazima nieleze tabia yake moja, kwa sababu bila hiyo mambo haya hayaeleweki. Alitafsiri kila kitu kama kilivyosemwa. Mtu akitukana, alitafsiri tusi lote, halafu akasubiri kama kuna lingine. Likija neno baya sana, alikohoa kwanza. Hiyo ndiyo huruma pekee aliyowapa watu kazini.

Sasa, serikali ilikuwa na sheria kwamba wakili haruhusiwi kuingia baraza la mfumwa. Mfumwa ndiye chifu wetu, na barazani kwake ndiko zilikosikilizwa kesi zote tulizozipenda: mipaka, mifereji, mahari, migomba. Kwa hiyo wakili wetu alifungua kiti chake cha kukunja ng'ambo ya barabara, akaketi kwenye jua, mume wangu amesimama pembeni. Mteja akikwama ndani, aliomba ruhusa ya kwenda haja ndogo, akavuka barabara, akauliza, akarudi na hoja mpya.

Aliyevuka mara nyingi kuliko wote alikuwa baba yangu.

Kesi ya baba ilikuwa ya mgomba. Jirani yake alipanda mgomba upande wake wa mpaka. Lakini migomba hutembea. Mama hukatwa, mtoto huchipua pembeni, na mwaka hadi mwaka shina zima husogea. Ule wa jirani ulisogea kuja kwetu, hadi mtoto mmoja akachipua ndani ya shamba la baba, akazaa. Baba akakata mkungu. Jirani akamshtaki kwa wizi. Baba naye akamshtaki jirani kwa kuingiza mgomba katika shamba la mtu bila kubisha hodi. Mkungu wenyewe ulikwisha siku ile ile, mimi ni mmoja wa walioula, lakini kesi iliendelea mpaka nikaolewa, nikazaa, nikafungua kibanda.

"Mfumwa, naomba kwenda haja ndogo," baba alisema, kila jirani alipomaliza kutoa ushahidi.

Mwishowe mfumwa alichoka. "Mzee, mbona tangu upate wakili kibofu chako kimeharibika?"

"Ni uzee, mfumwa."

"Basi kesi ijayo usinywe maji."

Jirani akanyanyuka. "Mfumwa, safari hii naomba niende naye. Nataka nione anakojoa kwa lugha gani."

Baraza zima lilicheka, na kicheko kilivuka barabara kikamfikia wakili kitini. Mume wangu alimtafsiria. Wakili alitabasamu kidogo, akafuta jasho shingoni, akaangalia ule mlango wa baraza.

Sikujua aliangalia nini mpaka siku alipoingia kibandani mchana, akaketi, wala hakugusa chakula.

"Mama," aliniambia, "mimi nataka ingia baraza."

"Baraza gani, bwana? Si watakukamata?"

"Hapana hii. Baraza kubwa ya Dar es Salaam, natunga sheria. Kule hapana fukuza wakili. Kule mimi nakaa ndani, nasema, watu nasikiliza."

Nilibaki na upawa mkononi. Miaka yote ile nilidhani kukaa nje hakumsumbui, kwamba anapenda hewa.

Uchaguzi wa wakati ule ulikuwa wa ajabu kidogo. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja, Mzungu mmoja. Akimwacha mmojawapo, karatasi yake iliharibika. Wala si kila mtu aliruhusiwa. Ilibidi uwe na elimu, au cheo, au mapato fulani. Mimi na darasa langu la nne sikuhesabiwa. Baba na jirani yake waliandikishwa wote wawili, kwa ajili ya kahawa. Upande wa Wahindi, katika jimbo letu lililofika hadi Tanga pwani, walisimama wawili: wakili wetu, na mwenye malori. Huyu wa pili hakupendwa milimani, kwa sababu malori yake yaliishia Mwembe, na mtu wa Mhezi alishushwa pale na gunia lake akaambiwa, "Kwaheri, mzee, mlima ni wako."

Jumapili moja tukapanda Mhezi kufanya mkutano, wakili, mume wangu na mimi. Nilitaka kumwona mama yangu, na nilitaka pia kuona wakili atakavyopokewa. Alipokewa kama bwana harusi. Watu walikuwa ndio wanatoka ibadani, wakamzunguka, wakampa ndizi na mayai, na wazee wawili watatu wakamuuliza habari za rufaa zao kabla hajafuta vumbi. Uso wake uling'aa. Akapanda juu ya jiwe.

"Watu yangu!" alisema. "Mimi naomba ninyi chagua mimi, mimi nakwenda Dar es Salaam."

Mume wangu alikohoa. Nikajua kuna kitu. Kwa Chasu cha wazee wetu, mambo ya kupiga kura yalikuwa hayajafika bado. Mfumwa hakuchaguliwa na mtu. Mume wangu alitumia maneno aliyokuwa nayo. Alisema, "Anawaomba mmtoe hapa, mmpeleke Dar es Salaam."

Kisha mzee mmoja wa mbele akauliza, "Kosa lake nini?"

"Wanauliza kosa lako nini," mume wangu alitafsiri.

"Hapana kosa!" wakili alisema. "Mimi napenda ninyi sana."

"Anatupenda, na anataka tumwondoe?" mzee aliuliza tena. "Muulize ni nani amemuudhi. Tumlipishe mbuzi."

Mume wangu alijitahidi. Alieleza kwamba ni heshima, kwamba huko atatunga sheria kwa niaba yetu. Mzee mwingine alitikisa kichwa.

"Sheria tunazo tele. Tunachokosa ni mtu wa kuzipinga. Akienda huyu, rufaa yangu ataandika nani? Wewe?"

"Mimi siwezi, mzee."

"Umeona?"

Wakanong'onezana. Halafu yule wa kwanza akauliza kwa upole, kama mtu anayetafuta njia ya kumwokoa ndugu: "Hebu tuelewe. Ni lazima Mhindi mmoja aende?"

"Lazima."

"Na wamejitokeza wawili?"

"Wawili."

"Basi aende mwenye malori!"

Makofi yalilipuka mkutanoni. Akina mama walipiga vigelegele. Wakili, ambaye alisikia makofi tu, aliinua mikono yote miwili na kushukuru. Mume wangu alikohoa, akamwinamia pale juu ya jiwe, akamtafsiria. Nilikuwa karibu, nikaiona mikono ikishuka polepole.

Hapo ndipo jirani wa baba alipojipenyeza mbele.

"Ndugu zangu, aibu!" alisema. "Mtu amewatumikia, anataka cheo, ninyi mnamfungia mlango? Mimi nampa kura yangu! Aende! Aende hata kesho! Na akifika huko akae, asihangaike kurudi rudi!"

Wakili alipotafsiriwa maneno hayo alishuka kwenye jiwe, akamshika yule mtu mkono kwa mikono miwili, macho yamelowa. Baba alikuwa nyuma, amesimama na fimbo yake. Sikumtazama zaidi ya mara moja.

Tukiteremka, wakili alimwambia mume wangu, "Yule bwana, hii rafiki ya kweli."

Mume wangu alikohoa. "Bwana, yule ndiye mwenye mgomba."

"Mgomba gani?"

"Ule wa baba mkwe wangu."

Wakili alisimama katikati ya njia. Alifikiri, kisha akacheka mpaka akalazimika kushika mti. Alipomaliza alisema, "Kura ni kura," na akaendelea kushuka, lakini hakucheka tena hadi Mwembe.

Tangu siku hiyo Mhezi ilikuwa na mpiga debe mmoja tu wa wakili, naye alikuwa adui wa mteja wake. Jirani alikwenda nyumba kwa nyumba. Kila alipofika walimsikiliza, wakampa uji, na alipotoka wakasema, "Maskini, anataka kumnyang'anya mwenzake wakili." Sidhani kuna mtu aliyewahi kumharibia mgombea uchaguzi kwa bidii kama ile. Wakili alijua. Alizidi kukonda, kwa kuwa mji wa Same wenyewe ulikuwa na watu wachache wa kupiga kura, na habari za pwani hakuzijua. Alikuja kula, akaniuliza, "Mama, Mhezi bado?" Nami nikamjibu ukweli: "Bado, bwana. Wanakupenda vile vile." Akaitikia kwa kichwa kama mgonjwa aliyeambiwa homa haijashuka.

Siku ya kupiga kura ilipokaribia, baba aliteremka akalala kwetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumpa kura mwenye malori."

Nilimwandalia chakula. Mume wangu alikuwa ameketi mkabala naye. Huyu mume wangu hakuwa mtu wa kutoa maoni. Alikaa katikati ya maneno ya wengine muda mrefu mpaka ya kwake yakawa haba. Jioni ile aliuliza tu maswali.

"Baba, barazani kwa mfumwa wewe huketi wapi?"

"Kwenye benchi. Kwani huketi wapi mtu?"

"Na jirani?"

"Benchi la pili. Mwizi yule."

"Na wakili wako huketi wapi?"

"Si unajua? Ng'ambo ya barabara."

"Mvua ikinyesha?"

Baba alitafuna. "Ng'ambo ya barabara," alisema.

Baba alikula, akanawa. Baadaye alisema kwa hasira, kana kwamba tulikuwa tumembishia, "Sasa nikimpa kura si nitakuwa upande mmoja na yule mla ndizi za watu?"

"Ndizi ulizila wewe, baba," nilisema.

"Wewe ulizila pia. Nyamaza."

Kesho yake mstari wa wapiga kura ulikuwa mrefu, na nilipeleka uji pale kwa ajili ya wazee. Kwa bahati mbaya au nzuri, jirani alisimama mbele ya baba. Walisema kura ni siri, lakini watu wa kwetu hawakuiamini siri hiyo. Kila aliyetoka ndani alitangaza: "Nimempa mwenye malori! Wakili anabaki!" na watu wakashangilia. Jirani alipotoka alisema kwa sauti kubwa kuliko wote, "Nimempa wakili! Safari njema!" Watu wakamzomea.

Baba akaingia. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alitazama chini.

"Mzee, vipi?" watu waliuliza.

"Wakili," baba alisema.

Hakuna aliyezomea. Walishangaa mno. Aliyeshtuka zaidi alikuwa jirani. Alisimama anamwangalia baba, na nikaona hofu inampanda usoni. Mtu amekuwa na wakili miaka yote, halafu anampa kura aondoke? Lazima kuna hila. Lazima huko Dar kuna wakili mkubwa zaidi. Aligeuka mbio akaingia tena ndani kwa yule Mzungu msimamizi, na mume wangu akaitwa.

"Mwambie Bwana Mkubwa naomba kura yangu nirudishiwe. Nimekosea."

Mzungu alisema kura haitolewi sandukuni.

"Mwambie ni ile iliyokunjwa vizuri. Naitambua."

Mzungu alisema hapana. Jirani alisema atakata rufaa. Mume wangu alitafsiri na hilo, kwa uso wa kanisani.

Matokeo yalipokuja, wakili wetu alikuwa ameshinda. Walimpa kura watu wa Tanga na wa pwani, ambao hawakumjua na hawakuwa na sababu ya kumzuia. Mwenye malori alishindwa, lakini aliposikia kwamba milimani amepigiwa makofi na vigelegele, aliguswa moyo. Hakuna aliyemweleza sababu. Wiki ile ile lori lake lilikwaruza njia hadi Mhezi, na likaendelea kupanda, mvua isipozuia.

Asubuhi ya kuondoka wakili, watu walijaa stesheni kama kwenye msiba. Wengine walileta karatasi za kesi, wakampitishia dirishani. Wakati wa matanga ya mume wangu nilimsikia mtu anasimulia kwamba pale stesheni jirani alimtukana wakili, na mkalimani, kwa busara, akatafsiri kuwa anamtakia heri. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake, sikuwa na nguvu ya kubishana. Lakini si kweli. Jirani alisema, "Mwambie aende salama, na kama ana ndugu yake wakili huko, asimtume." Mume wangu alikohoa, akatafsiri yote. Wakili akajibu, "Ambia yeye asante, mimi nasikia vipande yote mbili." Nayo ikatafsiriwa. Yule mtu wa matangani alidhani anamsifu marehemu.

Baraza kubwa lilipopumzika, wakili alirudi Same kututembelea. Aliketi kibandani na kikopo chake cha pilipili, suti mpya, mnene kidogo. Baba aliteremka kwa lori kuja kumwona, akaketi mbele yake, na mume wangu akasimama kati yao kama zamani.

"Muulize, walimruhusu kuingia?"

"Waliruhusu. Kiti yangu iko na namba."

"Alisema?"

"Nilisema, tena sana."

"Wakamsikiliza?"

"Walisikiliza. Walipiga meza kwa mikono, hii ndiyo desturi yao."

Baba alifurahi. Alivuta benchi karibu. Sasa alikuwa amefika kwenye jambo lenyewe.

"Na aliyesimama kumpinga ni nani?"

Wakili alifikiri. "Hakuna."

"Hakuna?"

"Siku hizi sisi wote nataka kitu moja. Uhuru. Nikisema, wote nakubali."

Baba alimtazama mume wangu kuona kama ametafsiri sawasawa. Mume wangu aliinamisha kichwa: ndivyo alivyosema. Baba akaweka kijiko chini.

"Hata mmoja?"

"Hata moja."

Baba alisogeza sahani pembeni. Kisha alinyoosha mkono juu ya meza, akaushika mkono wa wakili, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimsemesha kwa Kiswahili, bila mkalimani.

"Pole," alisema. "Pole sana, bwana wakili."

Wakili alisema asante, taratibu, kwa sauti ya mtu ambaye hakuwa amejua, mpaka wakati ule, kwamba amepatwa na jambo.